Nani yuko tayari kuuchomoa uzi wake mwenyewe?

Ipo tabia moja ambayo kila mtu huisifu kwa mdomo, lakini wanaoiweza kwa vitendo ni wachache mno. Nayo ni kuikagua hoja yako mwenyewe kwa ukali ule ule unaoutumia kukagua hoja ya mwenzako. Kukosoa cha mtu mwingine ni kazi nyepesi, na wengi wetu tunaifanya barazani kila jioni bila malipo. Ugumu unakuja pale ambapo jambo linalopaswa kukaguliwa ndilo linalokupa jina, cheo na mkate.

Swali ninalotaka tulijadili leo ni hili: je, mtu aliyegundua jambo, akasifiwa kwa jambo hilo, ana wajibu wa kwenda kulitafutia dosari yeye mwenyewe? Au inatosha asubiri mpinzani wake aje kumwonyesha? Nitalijibu kwa kisa cha kweli kilichotokea nchini Japani, katika fani ambayo kwa kawaida haitajwi katika kurasa kama hizi. Nimefundisha somo la baiolojia katika sekondari kwa miaka mingi, na kila nikifika katika mada ya seli kisa hiki hunijia akilini, ingawa hakimo katika mtaala.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Mwili wa binadamu umejaa mipaka. Ngozi inatenganisha mwili na hewa ya nje. Ndani ya utumbo kuna tabaka la seli linalotenganisha chakula, na mamilioni ya vijidudu vilivyomo humo, na damu. Katika figo na katika mishipa midogo ya damu ya ubongo pia zipo seli zilizopangwa ubavu kwa ubavu mithili ya matofali, kazi yake ikiwa ni kulinda kilichoko huku kisichanganyike ovyo na kilichoko kule.

Lakini tofali na tofali hazizuii maji bila ya kuzibwa katikati. Vivyo hivyo, seli mbili zilizosogeleana huacha upenyo baina yao. Ni kitu gani kinauziba upenyo huo? Mwaka 1963, Marilyn Farquhar na George Palade, waliokuwa wakifanya kazi New York nchini Marekani, walichapisha maelezo ya kina ya yale waliyoyaona kwa darubini ya elektroni. Karibu na ukingo wa juu wa seli walikuta mahali ambapo tando za seli mbili zimebanana kabisa. Tuyaite maungio ya kubana. Baadaye wataalamu waliyatazama kwa mbinu nyingine, wakaona kuwa pale penye kubanana pana mistari mistari iliyofumana kama nyuzi za wavu. Kwa maneno mengine, seli zimeshonwa.

Kwa miaka mingi uzi wenyewe ulikuwa haujulikani. Wapo waliosema ni protini, wapo waliosema ni mafuta ya utando wa seli. Mwaka 1986 ilipatikana protini moja mahali hapo, lakini hiyo hukaa upande wa ndani wa seli, chini ya utando. Ni kama kuukuta mkono wa fundi na kutouona uzi. Watu waliendelea kutafuta.

Hapo ndipo anapoingia Profesa Shoichiro Tsukita. Alizaliwa mwaka 1953, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Tokyo, kisha akayatoa maisha yake kwa utafiti wa namna seli zinavyoshikamana. Yeye na wenzake, akiwemo Mikio Furuse, walichukua maini ya kuku, wakayachambua hadi kubaki na sehemu zile zenye maungio tu, na mwaka 1993 wakatangaza kuwa wameipata protini iliyokaa katika utando wenyewe, mahali hasa penye nyuzi. Wakaiita okludini, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuziba. Jina lenyewe linaeleza matumaini waliyokuwa nayo. Hatimaye uzi umepatikana!

Msomaji ajiweke katika nafasi ya Tsukita. Jambo lililotafutwa na wataalamu wa nchi tajiri kwa miaka 30 umelipata wewe. Jina umelitoa wewe. Kila atakayeandika habari za maungio hayo atalazimika kukutaja. Ni binadamu gani, katika hali hiyo, angekwenda kutafuta ushahidi wa kuuangusha ugunduzi wake?

Wao walikwenda. Katika maabara hiyo hiyo ya Tsukita, ambaye wakati huo alikwisha hamia Chuo Kikuu cha Kyoto, mtafiti kijana Mitinori Saitou pamoja na wenzake walizichukua seli changa za kiinitete cha panya, wakaondoa nakala zote mbili za jeni inayotengeneza okludini, kisha wakaziacha seli hizo zikue na kujipanga katika tabaka. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Kama okludini ndiyo uzi, basi ukiiondoa mishono itafumuka.

Haikufumuka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha seli zisizo na okludini hata chembe, na maungio yake ya kubana yakiwa pale pale.

Niliwahi kumsimulia kisa hiki mzee mmoja fundi cherehani katika mtaa ninaokaa, mtu ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba lakini ana akili ya kupima mambo. Alinisikiliza huku akiendelea kupiga pindo la kanzu. Nilipomaliza akasimamisha cherehani.

"Mwalimu," akasema, "kanzu ina nyuzi nyingi. Upo wa nakshi hapa shingoni, na upo wa mshono huku ubavuni. Anayeitazama kwa mbali husifu ule wa nakshi. Ukitaka kujua upi umeishika nguo, chomoa mmoja mmoja. Hakuna njia nyingine."

"Ndivyo walivyofanya, mzee wangu," nikamjibu.

"Lakini huyo Mjapani alipata faida gani? Si amejivunjia nyumba kwa mikono yake?"

Swali la mzee huyu ndilo kiini cha makala haya, na linastahili jibu la uzito wake. Nitalijibu kwanza kwa kueleza kilichofuata, ingawa, kama nitakavyoonyesha, jibu hilo peke yake halitoshi.

Kilichofuata ni kwamba baada ya kujua kuwa okludini siyo uzi wenyewe, walirudi kwenye maini yale yale ya kuku na kuyachambua upya. Safari hii wakapata protini nyingine mbili, ndogo zaidi, ambazo hazikuwa zikijulikana kabla. Wakaziita klaudini, kwa Kilatini tena, kwa maana ya kufunga. Matokeo hayo nayo yalichapishwa mwaka 1998. Wala hawakuishia hapo. Walizipandikiza protini hizo katika seli za aina ambayo kwa kawaida haina maungio ya kubana kabisa, na nyuzi zikajitokeza pale seli zilipogusana. Kwa hiyo, mara hii hawakukuta tu kitu fulani mahali fulani. Walionyesha kwamba kitu hicho chenyewe, kikipelekwa mahali pasipo na mshono, kinashona.

Kisha wakafanya kwa klaudini lile lile walilolifanya kwa okludini. Wakaiondoa. Mwaka 2002 walieleza kuwa panya waliozaliwa bila ya klaudini ya kwanza walikufa ndani ya siku moja, kwa sababu ngozi yao ilivujisha maji ya mwili. Mwaka 2003 ikaonekana kuwa panya wasio na klaudini ya tano mishipa yao ya ubongo ilipitisha vitu vidogo ambavyo havikupaswa kupita, nao wakafa ndani ya saa chache. Huku Marekani, mwaka 1999, watafiti wengine waligundua kuwa baadhi ya watu wenye ugonjwa wa kurithi unaowapotezea magnesi katika mkojo na kuharibu figo wana hitilafu katika jeni ya protini ya ukoo huo huo. Leo zinajulikana klaudini zaidi ya 20, na baadhi yake kazi yake si kufunga bali ni kuacha vijitundu maalumu vya kupitisha chumvi na maji kwa kiasi. Kumbe mpaka ulio hai hauzibi kila kitu. Unachagua.

Sasa, mtu anaweza kusema: basi jibu la fundi cherehani limepatikana. Alivunja nyumba moja akajenga kubwa zaidi, faida ipo. Mimi naona jibu hili ni jepesi na lina hatari ndani yake. Kwa nini? Kwa sababu siku ile seli zisizo na okludini zilipoonekana ziko salama, hakuna aliyekuwa na hakika kuwa klaudini ipo. Ingewezekana kabisa wakae miaka 20 bila kupata kitu, wabaki wakijulikana kama watu waliodhani wamepata uzi kumbe wamepata nakshi. Tukisema walifanya vyema kwa sababu walilipwa, tutakuwa tumesema kwamba ukweli ni biashara, na mwenye biashara ana haki ya kufunga duka pale inapoonekana hasara. Wajibu unaosubiri faida si wajibu.

Jibu langu ni jingine. Jambo ukishalitangaza halibaki kuwa lako peke yako. Linakuwa amana. Kuna mwanafunzi katika nchi ya mbali atakayetumia miaka yake minne ya ujana akijenga juu ya maneno yako. Kuna daktari atakayefikiria tiba kwa kuyategemea. Kuna mlipa kodi ambaye fedha yake itakwenda huko. Wote hawa hawana uwezo wa kurudi kwenye maini ya kuku na kukagua. Wewe unao, na unajua kuliko yeyote ni wapi ulipopita haraka, ni wapi ushahidi ulikuwa mwembamba. Mwenye kujua mahali penye ufa ndiye wa kwanza kuwajibika kupachungulia. Kusubiri mpinzani aje ni kuwaacha wenzako walale ndani ya nyumba ambayo wewe hujaipima msingi.

Wapo watakaopinga. Watasema kuwa shaka haina mwisho, na mtu akianza kutilia mashaka kila alichonacho hatafika popote. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Lakini tuzingatie alichofanya Tsukita. Hakukaa akijitia wasiwasi usiokuwa na mpaka. Aliuliza swali moja lililo wazi, lenye jibu la ndiyo au hapana: nikiondoa kitu hiki, mshono utabaki? Wasiwasi hula moyo na hauzai kitu. Jaribio huuliza, hujibiwa, na mtu akaendelea na safari.

Wengine watasema kwamba kufanya hivyo ni kuwadhulumu waliofanya kazi ya mwanzo, kana kwamba jasho lao lilikuwa bure. Hapana. Okludini ipo kweli pale kwenye maungio, na hilo halikubadilika. Kilichobadilika ni cheo chake. Tena watafiti hao hao waliendelea kuifanyia insafu. Mwaka 2000 walieleza kuwa panya wasio na okludini, ingawa vizuizi vyao vilikuwa sawa, walikuwa na matatizo mengi: walidumaa, madume yalishindwa kuzaa, na tumbo lilikuwa na uvimbe wa muda mrefu. Kwa hiyo protini hiyo ina kazi, ila si ile iliyodhaniwa. Kukagua kwa haki hakumaanishi kutupa. Kunamaanisha kukiweka kila kitu mahali pake.

Msomaji wa mjini anaweza kuniuliza yote haya yanamhusu nini yeye asiyekuwa na maabara. Yanamhusu, na yanafika hadi mfukoni mwake. Habari za kizuizi cha utumbo leo zimekuwa bidhaa. Utawasikia watu wakiambiwa kwamba utumbo wao unavuja, na kwamba uchovu, chunusi, maumivu ya viungo na hata huzuni vyote vinatokana na mvujo huo, kisha wanauziwa unga wa kuuziba. Ubaya wa maneno haya ni kuwa yana chembe ya ukweli. Ni kweli kwamba katika baadhi ya maradhi ya utumbo kizuizi hulegea. Lakini kutoka kwenye chembe hiyo hadi kwenye kopo linalouzwa kuna safari ndefu ambayo muuzaji hakuisafiri.

Wapo walioisafiri. Kuna dawa iliyotengenezwa kwa nia ya kuyabana maungio hayo kwa wagonjwa wa siliaki, ambao miili yao hudhurika kwa kula ngano. Ilijaribiwa kwa wagonjwa hatua kwa hatua kwa miaka mingi. Mwaka 2022, walipofika katika hatua ya tatu, hesabu za katikati zilionyesha kuwa hakuna matumaini ya kutosha, na jaribio likasimamishwa. Na mwaka 2018 watafiti walionyesha kuwa kipimo kimoja cha kibiashara, kilichokuwa kikitumika sana kupima protini inayohusishwa na utumbo kuvuja, hakikuwa kikipima protini iliyotajwa. Aliyekubali kuuchomoa uzi wake amesimama. Asiyekubali bado anauza. Hiyo ndiyo tofauti baina ya mwanachuoni na mchuuzi, hata kama wote wawili wamevaa koti jeupe.

Mfano mwingine uko jirani yetu zaidi. Kwa muda mrefu wataalamu wa afya ya watoto walikuwa na dhana kwamba mtoto anayekulia katika uchafu humeza vijidudu kila siku, utumbo wake unaharibika na kizuizi chake kinalegea, na kwa hiyo anadumaa hata kama hakuugua kuhara waziwazi. Ni dhana yenye mashiko. Ikaonekana kwamba maji safi, vyoo na kunawa mikono vitaongeza kimo cha watoto. Watafiti waliokuwa na matumaini hayo walifanya jaribio kubwa vijijini magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, likihusisha zaidi ya wajawazito 8,000 na watoto waliozaliwa. Majaribio ya aina hiyo yalifanyika pia Bangladesh na Zimbabwe. Matokeo ya Kenya yalichapishwa mwaka 2018. Lishe ya nyongeza ilisaidia kimo kwa kiasi kidogo. Maji, vyoo na kunawa, kwa namna vilivyotolewa pale, havikuongeza kimo.

Hebu fikiri ingekuwa rahisi kiasi gani kulificha jambo hilo. Nani atapinga maji safi? Nani angewalaumu kama wangepiga picha za vyoo vipya na kuandika ripoti tamu kwa wafadhili? Badala yake walisema wazi: haikuwa kama tulivyotarajia. Na hawakusema kuwa maji safi hayana faida, maana faida zake nyingine zinajulikana. Walisema kuwa hatua ndogo za gharama nafuu hazitoshi kulitibu tatizo la kudumaa, na kwamba huenda yanahitajika mambo makubwa zaidi. Mtoto wa Kakamega amenufaika zaidi na kauli hiyo chungu kuliko ambavyo angenufaika na ripoti tamu, kwa sababu ripoti tamu ingefunga mjadala.

Tujiulize sasa, katika shughuli zetu wenyewe ni mara ngapi tunachomoa uzi? Nimeshuhudia shule ikianzisha masomo ya ziada ya Jumamosi kwa ada, na ufaulu ulipopanda, masomo hayo yakasifiwa katika kila kikao cha wazazi. Mwalimu mmoja aliuliza kama wanafunzi wasiohudhuria Jumamosi nao ufaulu wao umepanda. Lilikuwa swali la nusu saa tu na kitabu cha mahudhurio. Akaambiwa asiwakatishe watu tamaa. Huenda masomo yale yalikuwa na faida kubwa. Huenda yalikuwa nakshi tu, na mzazi maskini analipia nakshi. Hakuna ajuaye hadi leo, kwa sababu waliokuwa na uwezo wa kujua hawakutaka. Jambo la namna hii lipo katika vikundi vyetu vya kukopeshana, katika miradi ya mitaa, katika kampeni za afya na katika ahadi za wanasiasa. Tunahesabu vilivyopanda, hatuulizi vingepanda hata bila sisi.

Tsukita alifariki dunia Desemba 2005 kwa saratani ya kongosho, akiwa na umri wa miaka 52. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu chake kidogo kwa lugha ya Kijapani, alichowaachia watafiti vijana, kinachosimulia jinsi klaudini ilivyogunduliwa. Mtu anayejua siku zake zimebaki chache, na ambaye angeweza kuandika juu ya mambo mengi, alichagua kuwaeleza vijana njia aliyopita.

Kwa hiyo, fundi cherehani wangu akiniuliza tena Mjapani yule alipata faida gani, nitamwambia kuwa swali hilo tumgeuzie kila anayetujia na jambo la kutuuzia, la kutuongoza au la kututibu. Tumuulize kwa adabu: ni kitu gani kikitokea utakubali kuwa ulichotuambia sicho? Na je, umekwisha kukitafuta? Akikasirika, tumejua. Akifikiri, akatujibu, tumsikilize. Na kabla ya kumuuliza yeye, kila mmoja wetu ana hoja moja anayoipenda kuliko zote. Aanze na hiyo.